Friji Inapiga Shoti: Namna ya Kumtafuta Mkosaji Halisi Kabla ya Kununua Nyingine

Kila mwaka ifikapo Juni, baridi inaposhuka kutoka mlimani na wakazi wa Moshi wanapoanza kuoga maji ya moto asubuhi na jioni, simu yangu huita kwa swali lile lile: "Fundi, friji imeanza kupiga shoti, niiuze?" Wengine hulalamikia pasi, wengine bomba la bafuni, na mama mmoja wa Pasua aliwahi kunieleza kwamba sufuria iliyokuwa juu ya jiko lake la umeme "inang'ata". Kwa kuwa jibu ni lile lile kwa karibu wote, nimeona niliandike hatua kwa hatua, ili asiye fundi aweze kufanya yale yaliyo salama kwake na ajue pa kuishia.

Kabla ya yote, shika neno hili: kifaa kinachokupiga si lazima kiwe ndicho kibovu. Katika nyumba moja ya Majengo nilikuta familia imekwisha kubadilisha friji mara mbili, na ya tatu nayo ilipiga tangu siku ilipochomekwa. Ubovu ulikuwa kwenye hita ya kuogea iliyopo upande wa pili wa ukuta, ambayo wao hawakuilalamikia kwa sababu sehemu kubwa ya umbo lake ni plastiki.

Nadharia kidogo tu

Umeme unaoingia majumbani mwetu ni wa volti 230. Kifaa chenye bodi ya chuma hutakiwa kuwa na nyaya tatu: waya wa moto, nyutro, na ethi, ambao umefungwa kwenye bodi yenyewe. Nyaya zote za ethi hukusanyika kwenye meni swichi na kutoka hapo huenda kwenye nondo moja iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Nondo hiyo ikiwa imekatika waya, au imefika ardhini kwa jina tu, waya uleule uliowekwa ukulinde hugeuka kuwa njia ya kusambaza ubaya, kwa maana umeme unaovuja kwenye hita hupanda waya wa ethi, hukosa pa kushukia, na kurudi kwenye bodi ya friji, ya mashine ya kufulia na ya kila kitu kilichochomekwa.

Usitegemee breka ya kawaida ikukinge na hali hii. Nondo yenye ukinzani wa ohm 50 itapitisha amperi 4.6 tu hata kama waya wa moto umeigusa bodi moja kwa moja, ilhali breka ya amperi 32 wala fyuzi ya amperi 13 haitashtuka kwa kiasi hicho. Mwili wa binadamu hauhitaji amperi. Miliamperi 10 hivi zinatosha kukaza misuli ya mkono kiasi cha kushindwa kuachia.

Iwapo mtu amenaswa

Sehemu hii isome leo, hata kama huna tatizo lolote. Usimguse aliyenaswa. Kimbilia meni swichi uzime. Ikiwa iko mbali, zima swichi ya soketi au mtenganishe na kifaa kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mpini mkavu wa fagio au kiti cha plastiki, huku umesimama pakavu. Akiwa hapumui au anahema kwa kukatakata, mlaze chali na umbonyeze katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, aliyeungua, anayehisi maumivu ya kifua, au mjamzito, apelekwe kupimwa hata kama anasema amepona.

Utakavyohitaji

- Testa ya kalamu yenye taa ndogo ndani ya mpini.
- Multimita ya dijitali, hata ya bei ndogo, ilimradi betri yake ni nzima.
- Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa, zenye mipini isiyopasuka.
- Viatu vikavu vyenye soli ya mpira, na ubao mkavu wa kusimamia.
- Tochi, karatasi na kalamu.
- Mtu mzima mwingine ndani ya nyumba, ambaye umemwonesha meni swichi ilipo na namna inavyozimwa.

Cha mwisho hicho watu hukiruka. Usikiruke.

Hatua

1. Acha kukigusa, kisha kizime kwenye soketi. Zima swichi ya soketi kwanza, halafu chomoa kwa kushika plagi yenyewe wala si kwa kuvuta waya. Usirudie kugusa "uhakikishe". Wapo wanaojaribu kwa mgongo wa kiganja wakiamini kwamba mkono utaruka wenyewe. Ni kweli kwamba mgongo wa kiganja hauwezi kufumba na kushika, lakini umeme hupita mwilini vilevile, na aliyesimama kwenye sakafu yenye maji hapati nafasi ya pili. Kipimo ni testa, si kidole.

2. Ichunguze plagi na waya kwa macho. Hapa ndipo matatizo mengi ya mji wetu yanapoanzia, hasa kwa wanaonunua friji na mashine za kufulia zilizotumika Ulaya. Vifaa hivyo huja na plagi ya pini mbili nene za mviringo, na ethi yake iko kwenye vibati viwili vya pembeni. Mwenye kifaa huchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili milango ya ndani ifunguke, kisha husukuma zile pini mbili, friji huwaka, na kila mtu huridhika. Ethi haijaguswa popote. Adapta nyingi za bei rahisi nazo zina pini ya tatu ya plastiki tupu, ambayo kazi yake ni kufungua milango tu. Ukikuta hali mojawapo kati ya hizi, umekwisha kupata angalau nusu ya jibu: kata plagi hiyo na ufunge ya pini tatu. Angalia pia waya ulipopinda, ulipopita chini ya mguu wa friji, na mahali ambapo panya wametafuna.

3. Fungua plagi, ikiwa imechomolewa. Ukiitazama ndani huku pini ndefu ikiwa juu, waya wa kahawia unatakiwa uwe kulia penye fyuzi, wa buluu kushoto, na wa kijani na njano juu kwenye pini ndefu. Kwenye nyaya za zamani, wa moto ni mwekundu, nyutro ni mweusi na ethi ni kijani. Waya wa ethi uachie urefu kidogo kuliko wenzake, ili plagi ikivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka. Fyuzi ya amperi 3 inatosha kwa vifaa visivyozidi wati 700 hivi; pasi, birika la umeme na jiko huhitaji ya amperi 13. Ukikuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya sigara au uzi wa waya, itupe bila mjadala.

4. Pima kifaa kwa multimita kikiwa kimechomolewa. Kipimo hiki hakina hatari kwa sababu hakuna umeme wowote unaohusika isipokuwa ule wa betri. Weka multimita kwenye ohm za chini. Ncha moja iguse pini ndefu ya plagi, ya pili iguse chuma tupu cha bodi, si penye rangi; skrubu ya nyuma ya friji inafaa. Inatakiwa isome chini ya ohm 1 au jirani na hapo. Ikisoma wazi kabisa, waya wa ethi umekatika ndani. Kisha hamia kipimo cha juu kabisa cha ohm, washa swichi ya kifaa chenyewe, na upime kati ya bodi na kila moja ya pini mbili fupi. Hapo multimita isisome kitu. Ikionesha namba yoyote ya kutulia, umeme unavuja, na kifaa hicho kisichomekwe tena hadi kitengenezwe.

 Onyo: kipimo kizuri hapa hakithibitishi kwamba kifaa ni salama. Multimita hutumia volti chache za betri, ilhali elementi (waya wa ndani unaotoa joto) ya birika au pasi yenye ufa mdogo huanza kuvuja pale inapopata moto na volti 230. Ndiyo sababu fundi hutumia mega, ambayo hupima kwa volti 500, na kwa kipimo hicho elementi isomeke angalau megaohm 1.

5. Tafuta mkosaji kwa kuondoa kimoja kimoja. Andika kwenye karatasi vifaa vyote vilivyochomekwa, bila kusahau vile visivyo na plagi, yaani hita ya kuogea, pampu ya maji na jiko la kujengewa. Vaa viatu, simama juu ya ubao mkavu, mikono iwe mikavu. Ijaribu testa kwanza kwenye tundu la moto la soketi unayoijua kuwa nzima, ili usije ukadanganywa na testa mbovu. Sasa gusa chuma cha friji kwa ncha ya testa, kidole kikiwa kwenye kofia yake. Ikiwaka, iache friji ilivyo, na uchomoe vifaa vingine kimoja baada ya kingine, ukirudi kupima kila mara. Hita izime kwa breka yake, si kwa swichi ya ukutani, maana wakati mwingine swichi hiyo imefungwa kwenye nyutro, na ukiizima hita hupoa huku waya wa moto ukiendelea kuvuja.

 Taa ya testa ikizimika ulipochomoa birika, mkosaji ni birika, na ethi ya nyumba yako nayo ni mbovu. Ni makosa mawili, si moja, na kutengeneza birika peke yake ni kungoja kifaa kingine kiharibike ili urudi pale pale. Ikiwa umechomoa vyote na friji bado inawasha testa, kosa liko ndani ya friji yenyewe au kwenye soketi yake. Ihamishie kwenye soketi ya chumba kingine upime tena.

6. Kagua nondo ya ethi nje. Zima meni swichi kwanza, kisha upime waya wa ethi kwa testa kabla ya kuushika, kwa sababu waya wa ethi uliokatika huweza kuwa na umeme kamili, na katika nyumba za kupanga nondo moja huweza kuwa inatumiwa na wapangaji wenye mita tofauti. Tazama kama waya bado umefungwa, kama kibano kimeshika kutu ya kijani, na kama watoto au mbuzi hawajaukata. Kisha itikise nondo. Katika maeneo yetu, Moshi na Arusha, chini ya udongo mwembamba mara nyingi kuna mawe ya volkano, na fundi aliyechoka kugonga huikata nondo na kuifukia iliyobaki. Nimewahi kuishika nondo ya nyumba mpya kabisa, yenye marumaru hadi barazani, nikaing'oa kwa mkono mmoja kama muhogo: urefu wake haukufika sentimita 40. Nondo inayotumika kwa kawaida huwa na urefu wa mita 1.2 au zaidi, na ili ifanye kazi inatakiwa iwe ardhini karibu yote.

7. Mwite fundi, ukijua cha kumdai. Yaliyobaki si yako: kufungua meni swichi, kubadilisha soketi, kupiga nondo mpya. Mtafute mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwambie ulichoandika kwenye karatasi, kwa kuwa utakuwa umempunguzia nusu siku ya kazi. Mdai mambo matatu. Apime ukinzani wa nondo kwa kifaa cha kupimia ethi, si kwa makisio. Apime kila laini na kila elementi kwa mega. Na afunge kifaa kinachokata umeme unapovuja, ambacho dukani utakiulizia kwa jina la RCCB, cha miliamperi 30. Hiki cha mwisho ndicho ningekinunua mimi kwanza kama fedha ingekuwa haba, kabla hata ya rangi ya ukuta.

 Mafundi wengi hupima ethi kwa balbu: upande mmoja kwenye waya wa moto, mwingine kwenye ethi, balbu ikiwaka sawasawa wanasema ethi nzuri. Usijaribu mwenyewe. Nondo ikiwa mbovu, yenye ohm 500 kwa mfano, balbu ya wati 100 ya kizamani itawaka hafifu, na kwa muda wote inapowaka bodi za vifaa vyote vya nyumba zitakuwa na volti mia moja na kitu, pamoja na ile friji ambayo mtoto anaifungua kutafuta maziwa.

8. Kataa ethi ya kughushi. Fundi asiyetaka kugonga mawe huweza kuchukua kipande kifupi cha waya na kuunganisha nyutro na ethi ndani ya soketi. Testa itazimika, balbu itawaka vizuri, na utamlipa kwa furaha. Siku nyutro itakapolegea mahali popote kabla ya soketi hiyo, bodi ya friji itapata volti 230 kamili kupitia mota yake yenyewe, bila kifaa chochote kuwa kimeharibika. Mwombe akufungulie soketi mbele yako, meni swichi ikiwa imezimwa, na uangalie kama skrubu ya ethi ina waya mfupi uliotoka kwenye skrubu ya nyutro.

Ukikwama

*Testa inawaka kwenye mashine ya kufulia au maikrowevu, lakini vipimo vyote ni safi.* Vifaa hivi vina kichujio ndani chenye kapasita mbili, vipande vidogo vinavyopitisha umeme kidogo sana, zinazogusa bodi. Bila ethi, bodi huelea kwenye nusu ya volti za nyumba, yaani 115 hivi, nawe huhisi mtekenyo kuliko pigo. Kifaa ni kizima. Kinachokosekana ni ethi. Kompyuta ya mapajani yenye gamba la chuma huweza kutekenya kwa sababu inayofanana na hiyo, na ikiwa mtekenyo ni mdogo na chaja ni halisi, hakuna cha kutengeneza.

*RCCB inakata kila ninapowasha hita.* Inafanya kazi yake. Elementi imepasuka au maji yameingia kwenye viungio. Usikubali ushauri wa "kuiruka" ili upate maji ya moto kwa wiki hii; chemsha kwa gesi hadi elementi ibadilishwe. Ikikata usiku bila mtu kugusa kitu, shuku elementi ya kuyeyushia barafu ndani ya friji, ambayo hujiwasha kwa saa yake yenyewe.

*Bomba la bafuni linang'ata nikiwa naoga.* Zima breka ya hita leo, na usiiwashe hadi ipimwe. Wapo waliofunga waya wa ethi wa hita kwenye bomba la maji, kama ilivyofanywa zamani mabomba yalipokuwa ya chuma hadi mtaani. Leo mabomba mengi ni ya plastiki, kwa hiyo waya huo hauendi popote isipokuwa kwenye koki unayoishika.

*Nimezima meni swichi na bado napigwa, au mabati ya paa yanapiga.* Hapo tatizo linatoka nje ya laini zako: waya unaoingia nyumbani umechubuka na kugusa bati, au jirani mnayechangia naye nondo ana kifaa kinachovuja. Toa watu ndani, usiegemee ukuta wala dirisha la chuma, na uwapigie TANESCO dharura. Mita ya LUKU na lakiri yake si vya kufunguliwa na wewe wala na fundi wako.

*Inapiga wakati wa kiangazi tu, masika ikinyesha inaacha.* Udongo unaoizunguka nondo umekauka. Kumwaga ndoo ya maji kwenye nondo, kama wafanyavyo wengi mwezi Februari, husaidia kwa siku chache, na chumvi ambayo wengine huichanganya na maji hayo huila nondo yenyewe. Dawa ni kuongeza nondo ya pili umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe, ikiwezekana upande wa shamba la migomba unaomwagiliwa, na kuziunga pamoja kwa waya mmoja wa shaba. Mwambie fundi apime kiangazi, si siku iliyofuata mvua, na baada ya hapo bonyeza kitufe chenye herufi T kwenye RCCB kila baada ya miezi 3. Kisipokata, kibadilishwe siku hiyo hiyo.